Usimuuzie Mteja Mmea Utakaomfia Sebuleni

Wiki hii naweka pembeni nyanya, hoho na tikiti, tuongee kuhusu kitu kidogo kinachokaa kwenye kikombe: sakulenti. Namaanisha ile mimea ya majani manene yaliyojipanga kwa duara mpaka ikafanana na ua la waridi. Siku hizi ukipita kwenye vitalu vya maua, iwe Barabara ya Bagamoyo au Arusha mjini, utaikuta imepangwa mbele kabisa. Wengi wenu mmeingia kwenye biashara hii na siwalaumu. Eneo dogo, maji kidogo, na mtaji unaweza kuanza na jani moja tu.

Ila kuna jambo linanikera. Ujumbe ninaopata kuhusu mimea hii karibu wote unauliza: "Afisa, nizalisheje haraka?" Hakuna anayeuliza mmea ukishafika kwa mteja utaishije. Kwenye nyanya hilo silo tatizo lako, kwa sababu mteja anaipika jioni hiyo hiyo na habari imeisha. Mmea wa ndani ni bidhaa ya aina nyingine. Unauza kitu kilicho hai, na mteja anatarajia kukiona kikiwa hai mwakani.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaoninunia: mzalishaji wa mimea ya ndani anatakiwa akatae kumuuzia mteja mmea usiofaa nyumba yake. Akatae kabisa. Siyo kunong'ona "usimwagie maji mengi" huku mkono mwingine unapokea hela.

Tuchukue echeveria, maana ndiyo inayoleta maafa mengi. Ni ile yenye majani mapana ya rangi ya kijivu, kijani hafifu au waridi, yenye unga mweupe juu yake. Jina hilo ilipewa mwaka 1828 na mtaalamu wa mimea Augustin Pyramus de Candolle, kwa heshima ya mchoraji wa mimea wa Meksiko, Atanasio Echeverría. Na huko Meksiko ndiko aina nyingi zinakotoka. Zinaota milimani, kwenye nyufa za miamba, mahali ambapo mchana jua linapiga, mvua ikinyesha inateremka yote, halafu usiku baridi inaingia.

Hiyo baridi ya usiku usiichukulie kirahisi. Mazao mengi unayolima hufungua vitundu vya kwenye majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na maji hupotea kupitia vitundu hivyo hivyo. Echeveria imegeuza ratiba. Mchana inafunga, usiku inafungua, inavuta hiyo hewa na kuitunza ndani ya jani kama asidi, kisha jua likichomoza inaitumia kutengeneza chakula. Nanasi na mkonge nao hufanya kazi kwa mtindo huo. Tofauti ni kwamba nanasi na mkonge wanavumilia joto letu vizuri, echeveria imezoea usiku wa baridi. Usiku ukiwa wa joto kila siku, hiyo kazi ya usiku inazorota, mmea unakula akiba yake, na majani yanakuwa laini na dhaifu.

Sasa fikiria Dar mwezi wa pili. Usiku unalala na feni na bado unatoka jasho. Hewa ina unyevu, udongo wa kwenye chungu haukauki, na ukungu unaozesha mizizi umepata makazi. Kijana wa Mbezi analeta echeveria kutoka Arusha, zimenona, zina rangi, zinapigwa picha nzuri. Anauza zote wikiendi moja. Baada ya miezi miwili, ukiwatembelea wateja wake utakuta vyungu vitupu jikoni.

Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya na Njombe hali ni nyingine. Miji hiyo yote imepita mita 1,300 kutoka usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi. Mkulima wa huko ana bahati ambayo wengi hawaioni: hali ya hewa yake inafanya bure kazi ambayo Ulaya watu wanalipia nyumba maalumu za kuoteshea. Kwa hiyo nikisema usiuze echeveria kwa mteja wa sebule ya Kariakoo, sisemi usiizalishe. Ninasema ujue ni ya nani.

Mteja wa Dar, Tanga au Mtwara muuzie haworthia. Nayo ina umbo lile lile la waridi, ila ni ndogo, majani yamechongoka, na aina inayojulikana zaidi ina vidoti vyeupe vilivyojipanga kama mistari ya pundamilia. Wataalamu wengi sasa wanaiita Haworthiopsis, lakini sokoni jina la zamani bado linatumika na hakuna haja ya kugombana. Asili yake ni Afrika Kusini, upande wa Rasi ya Mashariki, na kule porini huota chini ya vichaka na majani makavu. Yaani imezaliwa kivulini. Ndiyo maana inavumilia mwanga wa ndani ya nyumba kuliko echeveria, na inavumilia vizuri zaidi mmiliki anayeisahau. Kukua inakua polepole, hilo nakubali. Utakaa nayo kitaluni muda mrefu zaidi kabla ya kuiuza, kwa hiyo weka bei inayolipa muda huo. Inazaa watoto pembeni kama mgomba. Ukiwatenga wakiwa tayari na mizizi, huwezi kukosea.

Nimesema mwanga wa ndani ya nyumba, na hapa lazima tuangalie nyumba zetu zilivyo. Vitabu vingi vya mimea ya ndani vimeandikwa na watu wa nchi za baridi wenye madirisha makubwa ya kioo kitupu. Dirisha letu lina nondo, lina wavu wa mbu, lina pazia zito, na juu yake kuna paa lililotokeza au baraza nzima. Jua la nje linawaka kweli, lakini mita mbili ndani ya chumba ni giza kwa mmea. Mfundishe mteja kipimo cha mkono: saa nne asubuhi, siku isiyo na mawingu, anyooshe kiganja mahali anapotaka kuweka chungu. Kivuli kikionekana na kingo zake wazi, hapo hata echeveria inaweza kukaa, kama mji wake ni wa baridi. Kivuli kikiwa hafifu lakini kipo, aweke haworthia. Kama hakuna kivuli kabisa, hapo muuzie picha ya ukutani, au mmea wa majani mapana wa kivulini. Dirisha la mashariki ndilo salama zaidi, maana linapata jua la asubuhi lisilounguza.

Mmea unaokosa mwanga utaujua tu kama umewahi kusia nyanya kwenye kitalu chenye kivuli kizito. Unarefuka, shina linaonekana, majani yanaachana na kuinama chini. Lile ua la waridi linageuka kuwa ngazi. Wateja wengi hufurahi, eti "umekua!" Haujakua, unatafuta jua. Na sehemu iliyorefuka hairudi. Dawa yake ni kukata kichwa kwa kisu safi, kukiacha kivulini siku nne tano mpaka kidonda kikauke, kisha kukipanda upya kwenye mchanganyiko mkavu. Kile kisiki kilichobaki usikitupe, mara nyingi kitatoa machipukizi. Mteja akileta mmea wa namna hiyo, mfanyie hiyo kazi kwa hela kidogo. Nayo ni huduma inayolipa.

Tahadhari moja: usiutoe mmea gizani ukauweka kwenye jua kali siku hiyo hiyo. Majani yataungua na alama hazitatoka. Uzoeshe taratibu kwa wiki moja hadi siku kumi, kama tunavyozoesha miche kabla ya kuhamishia shambani.

Sasa tuje kwenye chungu, na hapa sitakuwa mpole. Kuuza sakulenti kwenye chombo kisicho na tundu chini ni kumuibia mteja. Najua vikombe vya kauri vinavutia, najua vile vya kioo vyenye tabaka za mchanga wa rangi vinauzika sana wakati wa harusi na siku za kuzaliwa. Lakini maji yanayoingia humo hayana pa kutokea. Mmea unaotoka kwenye mwamba umewekwa ndani ya ndoo. Ukitaka kutumia kikombe, toboa kwa drili yenye kichwa cha kauri, au weka mmea kwenye chungu kidogo cha plastiki chenye matundu na kikombe kiwe vazi la nje tu. Mteja akimwagilia anautoa, maji yanachuruzika, anaurudisha.

Kuna wanaojitetea kwamba wameweka kokoto chini. Hii imani imekaa vichwani mwa watu muda mrefu, na haisaidii. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze juu ya kokoto. Maji yanabaki ndani ya sponji, hayashuki. Udongo laini hufanya vivyo hivyo: unashikilia maji yake mpaka umeshiba kabisa ndipo kidogo kinadondoka kwenye kokoto. Ulichofanya ni kupandisha sehemu yenye unyevu ikawa karibu zaidi na mizizi. Kokoto zako changanya kwenye udongo wote, usizirundike chini.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni kipimo kimoja cha mboji iliyoiva na kuchekechwa, na vipimo viwili vya changarawe ndogo, punje isizidi ya mahindi. Walioko karibu na milima ya volkano, kama Arusha na Rungwe, mna mawe mepesi yenye vitundu ambayo ni mazuri kuliko changarawe yoyote. Ponda, chekecha, toa vumbi. Wa Pwani tumieni mchanga mnene wa mto uliooshwa, vipande vidogo vya mkaa, na makapi ya mpunga yaliyochomwa nusu. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Unga wa makumbi ya nazi ambao vitalu vingi vinautumia kwa miche ya mboga, kwa mimea hii uwe kidogo sana, maana unashika maji. Samadi mbichi hata usiitaje. Na vyungu vya wafinyanzi wetu, vile vya udongo wa kuchoma visivyopakwa rangi, vinakausha haraka kuliko plastiki kwa sababu maji hutoka hata kwenye kuta zake. Kwa mji kama Dar hiyo peke yake inaweza kuokoa mmea.

Maji yenyewe ni rahisi ukiyaelewa. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha mpaka chungu kikauke chote, mpaka chini. Usimpe mteja ratiba ya "mara moja kwa wiki", kwa sababu wiki ya Julai Njombe na wiki ya Desemba Dodoma siyo wiki moja. Mpe kijiti cha mshikaki. Akichomeke mpaka chini, akichomoe. Kikitoka na udongo umeganda, asubiri. Au apime uzito: anyanyue chungu kikiwa kimetoka kumwagiliwa, akinyanyue tena baada ya siku kadhaa, mkono utajifunza. Wakati wa masika, chumba chenye unyevu kinaweza kupitisha wiki tatu bila tone. Maji yaende kwenye udongo, yasituame katikati ya lile ua, hasa jioni.

Hapa kuna kitu ambacho kila muuzaji anatakiwa akijue kwa macho yaliyofumba. Mmea wenye kiu na mmea uliozidiwa maji, wote majani yake yanalegea. Mteja akiona yamelegea anaongeza maji, na hapo ndipo wengi wanaua. Jani lenye kiu linakunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa kwenye maji, lakini rangi inabaki na limeshika shina. Jani lililozidiwa linakuwa la manjano au kama limeiva, unaona mwanga ukipita, na ukiligusa linadondoka. La kwanza lipe maji, litasimama baada ya siku moja mbili. La pili toa mmea kwenye chungu siku hiyo hiyo, kata kilichooza, kausha, panda upya. Majani ya chini kabisa yakikauka moja moja kama karatasi, huo ni uzee wa kawaida, yatoe tu.

Mengine nitayapita haraka. Ule unga mweupe juu ya echeveria ni nta inayoikinga na jua, kwa hiyo usifute na usishikeshike. Ukitoka kwenye jani haurudi kwenye jani hilo. Mbolea ni kidogo, NPK ya maji nusu ya kipimo, wakati mmea unakua tu; ukizidisha naitrojeni unapata majani laini yanayorefuka. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani, wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti na ukague tena baada ya wiki. Mmea wenye wadudu hao utenge, kwa sababu kwenye meza ya kitalu wanahama kama majirani. Na echeveria ikitoa maua haifi. Wateja huogopa wakikumbuka mkonge, lakini hapa shina la maua ukishalikata maisha yanaendelea.

Sasa nijibu hoja ambayo vijana wameniambia usoni: "Afisa, mmea ukifa si ndiyo mteja anarudi kununua mwingine? Mbona wauza maua ya kukata hawalaumiwi?" Anayenunua shada la waridi anajua ndani ya wiki litanyauka, na bei ameilipa akijua. Anayenunua mmea kwenye chungu ameambiwa ni mmea. Ukimfia, hasemi "kitalu kile kimeniuzia kitu kisichofaa". Anasema "mimi sina mkono wa mimea", na anaacha kununua mimea kabisa, kwako na kwa jirani yako. Tuseme umemuuzia chungu kwa shilingi 10,000. Yule ambaye mmea wake uliishi atarudi kutafuta wa pili wa kuweka ofisini, chungu kikubwa zaidi, zawadi ya mama mkwe, na ataleta rafiki. Huyu wa kwanza umechukua elfu kumi na umefunga mlango. Kwenye nyanya tunahangaika na bei tusizozipanga sisi. Hapa soko unalijenga mwenyewe kwa mkono wako, halafu unalibomoa kwa tamaa ya wikiendi moja?

Kuna mmea wetu wenyewe ambao naona tunauchelewesha. Handeni, mkoani Tanga, ndiko asili ya Aloe dorotheae, shubiri ndogo ya umbo la waridi ambayo ikipata jua kali majani yake yanageuka mekundu kama shaba. Inakuzwa na wapenzi wa mimea nchi nyingi, na kwenye baraza la Pwani lenye jua inakaa raha mustarehe. Lakini porini iko katika hatari kubwa ya kutoweka. Kwa hiyo msije mkanisikia vibaya: kwenda kuchimba Handeni ni kumaliza. Anza na mama aliyekuzwa kitaluni, tenga watoto wake, andika kumbukumbu za ulipomtoa. Na ukifikiria kuuza nje, shubiri zote isipokuwa Aloe vera zinahitaji kibali cha CITES, mbali na cheti cha afya ya mimea. Mwenye kumbukumbu za kitalu chake anaongea na ofisi hizo kwa kujiamini.

Kwa wale wa Pwani ambao tayari mna meza zimejaa echeveria, msizipunguzie bei ili ziondoke. Zipandishe juu ya meza ya waya ili hewa ipite chini, wekeni neti ya kivuli inayopunguza jua la mchana, na ongezeni nafasi kati ya chungu na chungu. Kisha tafuteni mwenzenu wa Lushoto, Iringa au Mbeya mbadilishane naye kwa haworthia na shubiri. Echeveria haihitaji kusafiri na udongo. Ing'oe, kung'uta mizizi, iache kivulini siku mbili ikauke, izungushie gazeti, ipange kwenye boksi lenye matundu na iende kwa basi. Siku kadhaa ndani ya boksi kavu inavumilia. Akiipokea aipande kwenye mchanganyiko mkavu, na asiimwagilie mpaka zipite siku nne au tano.